Chozi mweusi na kipepeo anayekimbia: je, dawa ni lenzi kubwa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tukuyu: "Shikamoo mtaalamu. Nina kamera ya Canon ya bei ya chini na lenzi mbili, 18-55 na 55-250. Ndege wa chozi wanaokuja kwenye migomba yetu nikiwapiga picha wanatoka wadogo, weusi, na mara nyingi picha haijatulia. Vipepeo ndiyo kabisa, nikisogea tu wameruka. Mwezi wa pili tunakwenda hifadhi ya Kitulo na sitaki kurudi na picha za namna hiyo. Nimeanza kudunduliza fedha za lenzi ya 150-600. Je, ndiyo dawa?"

Marahaba, ndugu yangu. Hiyo fedha iache kwanza ilipo. Lenzi ya 150-600 ni chombo kizuri, lakini katika hayo manne uliyoyataja inatibu moja tu, la udogo, na hilo nalo unaweza kulitibu bila kutoa shilingi. Piga hesabu: milimita 600 zinamkuza ndege mara 2.4 kuliko 250. Picha ambayo mwenye 600 anaipata akiwa mita 10, wewe unaipata kwa lenzi yako ukiwa mita 4 na kidogo. Chozi wa migomba ya nyumbani, waliozoea watu kupita, wanamvumilia mtu aliyetulia katika umbali huo.

Angalia pia kinachotokea kwenye sensa. Ya kamera yako ina upana wa milimita 22 hivi. Chozi wa sentimita 12 akiwa mita 10, lenzi ikiwa 250, anachukua milimita 3, yaani kama sehemu ya saba ya upana wa picha. Akiwa mita 5 anachukua milimita 6, zaidi ya robo. Kama kamera ni ya megapikseli 24, hizo ni pikseli kama 800 dhidi ya 1,600 kwa urefu wa ndege, na kwa eneo zima ni mara nne. Hapo ndipo unyoya mmoja mmoja unapoanza kuonekana. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni umbali, vifaa vinafuata.

Kabla ya hapo, jifunze kusoma picha iliyoharibika, kwa sababu "haijatulia" ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina tiba yake. Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze mpaka asilimia 100, kisha tazama tawi au ua alilokalia ndege. Ukikuta kila kitu kimevutwa upande mmoja, ndege, tawi na majani pamoja, mkono wako ulitikisika. Tawi likiwa limetoka safi lakini ndege peke yake amefifia, yeye ndiye aliyesogea na kasi ya shata haikumtosha. Na kama kuna jani la mbele au la nyuma linaloonekana safi kuliko ndege, fokasi ilikwenda pasipo. Watu wengi hutibu la kwanza wakati wanaugua la tatu. Kiimarishi cha lenzi, ile swichi iliyoandikwa Stabilizer, kinapunguza mtikisiko wa mkono tu. Ndege akigeuza kichwa hakina msaada wowote.

Katika migomba mara nyingi tatizo ni fokasi. Majani ni mapana, yana kingo zinazong'aa, na kamera ikiachiwa ichague yenyewe itashika kilicho karibu au chenye utofauti mkubwa wa mwanga, yaani jani. Ingia kwenye menyu, zima kamera kujichagulia pointi ya fokasi, weka pointi moja, ya katikati. Badili fokasi iwe ya kufuatilia. Kwenye Canon imeandikwa AI Servo, au Servo kwa kamera zisizo na kioo cha ndani. Weka ile pointi jichoni mwa ndege, na kama ni mdogo mno, kifuani karibu na shingo. Jicho likiwa safi, mkia ukififia kidogo msomaji wa picha haoni kasoro. Jicho likikosa, hakuna kitakachoiokoa.

Kuhusu kasi: kwa 250 kwenye sensa ndogo kama yako, mkono peke yake unahitaji angalau 1/400 ya sekunde. Lakini chozi hatulii. Hata akiwa amekaa, kichwa kinakwenda huku na huku anapochomeka mdomo uani, na 1/400 haimshiki. Anza na 1/800. Kukiwa na jua panda hadi 1/1000 au 1/1250. Anayepiga mabawa hewani mbele ya ua anataka 1/2000 kwenda juu. Geuza piga la kamera liwe Tv, chagua kasi hiyo, acha ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ijipange yenyewe na uiwekee kikomo cha 3200. Watu wanaogopa chenga za ISO 3200, zile nukta nukta, kuliko inavyostahili. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye kwenye programu; picha iliyovutwa haina tiba. Piga mfululizo wa picha tatu au nne kila anapotua, achia, kisha piga tena. Kubonyeza bila kuachia kunajaza bafa ya kamera, yaani kumbukumbu yake ya muda, nayo inagoma wakati ule ule ndege anapogeuka vizuri.

Sasa weusi. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wapigaji wengi wa chozi, na lenzi ya bei yoyote haiwezi kulibadilisha. Kijani, zambarau na buluu inayometa ya dume haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya kama ilivyo njano ya mnana. Inatokana na umbo: ndani ya unyoya kuna chembe bapa za rangi nyeusi zilizopangwa kwa tabaka nyembamba sana, na mwanga unapogonga tabaka hizo hurudi ukiwa wa kijani au buluu katika pembe fulani tu. Ukiwa nje ya pembe hiyo unaona ile nyeusi ya chini yake. Kwa hiyo jua liwe mgongoni mwako, chini chini, na ndege awe mbele ya kivuli chako. Hapo koo na kichwa vitawaka. Jua likiwa nyuma ya ndege, au utosini saa 6 mchana, utapata chozi mweusi hata ukirekebisha mwangaza mpaka uchoke. Siku ya ukungu mwembamba anarudisha rangi kidogo, imepoa. Picha za namna hiyo nazipenda kwa majike na kwa ndege wa kahawia, siyo kwa madume ya chozi.

Mbeya iko magharibi ya nchi, kwa hiyo Juni na Julai jua linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Kati ya saa 1:30 na saa 3:30 ndio muda wako bora, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Madume ya baadhi ya chozi, kama yule wa kijani mwenye mkia mrefu wa maeneo ya juu, hupoteza manyoya ya kung'aa nje ya msimu wa kuzaliana, basi usidhani umekosea mipangilio ukimkuta amepauka.

Mpango wa kazi pale mgombani ni huu. Tafuta mkungu ambao kitumba chake cha zambarau bado kinafunguka. Kila gamba linapokunjuka juu linaacha wazi safu ya maua yenye asali, na chozi wanajua. Dume mmoja anaweza kulilinda eneo zima la maua na kuwafukuza wenzake, kwa hiyo anayeondoka atarudi. Chagua kitumba kilicho kwenye usawa wa macho yako au juu kidogo, na kisiwe na jani au shina lolote kwa mita 8 au 10 nyuma yake. Mandharinyuma ya mbali inayeyuka na kuwa kijani laini. Ya karibu inabaki fujo. Ukihama hatua mbili tu kushoto au kulia, picha inaweza kubadilika kabisa, hivyo fanya hivyo kabla ndege hajaja.

Keti mita 5, jua mgongoni, juu ya kigoda au ndoo iliyofunikwa. Jifunike mabega na kichwa kwa kitenge kilichofifia, rangi ya udongo au kijani. Nyeupe na nyekundu ziache ndani. Nguo za mabaka ya jeshi usiguse kabisa, kwa raia ni kosa kisheria hapa Tanzania. Lenzi iwe tayari imeelekezwa kwenye kitumba na iegemee kitu. Kama huna stendi, shona mfuko wa kitambaa, tia maharage kilo moja na nusu usiujaze sana, uweke juu ya kiti kingine au ukuta mfupi, na lenzi izame ndani yake. Robo saa ya kwanza usitarajie kitu. Ndege atakuja, atakuona, atalia ile sauti kali ya kukatakata na kuondoka. Kaa. Safari ya pili au ya tatu atakula. Usiinue kamera akiwa ametua; anachokimbia ni ule mwendo wa mkono kuliko sura yako.

Ukitaka kumfuata ndege shambani badala ya kumngoja, usimwendee moja kwa moja wala kumkodolea macho. Nenda kwa mshazari, kana kwamba unapita zako, simama kila hatua tatu. Anapoacha kula, akainua shingo na kujibana manyoya, umefika mpaka wake. Simama hapo hadi arudi kula, ndipo uongeze hatua moja. Akiwa amebeba mdudu mdomoni na haumezi, ana makinda karibu: rudi nyuma. Usikate tawi ili kufungua kiota. Majani yale yanakikinga na jua na yanakificha kwa kunguru, na makinda yaliyoachwa wazi kwa ajili ya picha mara nyingi hayafiki jioni. Kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili dume aje kupigana na spika ni mchezo mwingine wa kuachana nao, hasa msimu wa kuzaliana. Anatumia nguvu alizopaswa kuwapelekea wanawe.

Tuje kwa vipepeo na wadudu wengine, ambako ushauri wangu wa kutoa fedha upo. Usikimbilie pete za kurefusha lenzi. Zinafanya kazi na lenzi ya 50, lakini kwenye 18-55 zinakulazimisha karibu umguse mdudu kwa pua ya lenzi, na ndiyo maana anaruka. Unachohitaji ni lenzi ndogo ya kukuza inayofungwa kwa skrubu mbele ya 55-250, kama filta. Kipenyo cha lenzi zako zote mbili ni milimita 58. Hakikisha kwa kusoma namba iliyo pembeni ya alama ya duara lenye mstari. Nunua yenye nguvu ya diopta 2, iliyotengenezwa kwa vioo viwili vilivyounganishwa. Seti za vipande vinne vya kioo kimoja kimoja ni za bei rahisi sana, lakini kwenye 250 zinaweka mstari wa zambarau na kijani kwenye kingo.

Diopta 2 maana yake ni hii: lenzi yako ikiwekwa fokasi ya mbali kabisa, mdudu atakuwa safi akiwa nusu mita kutoka mbele ya kioo, na kwa 250 ukuzaji unakuwa nusu ya ukubwa halisi. Fremu nzima inafunika sentimita 4.5 kwa 3. Kipepeo wa mabawa ya sentimita 4 anaijaza, nawe uko nusu mita nzima, umbali ambao wengi wao wanauvumilia. Mwanga haupungui kama unavyopungua kwa pete. Ya diopta 4 inakupeleka kwenye ukubwa halisi kwa sentimita 25. Nzuri kwa vunjajungu mdogo na buibui, ngumu kwa kipepeo.

Gharama yake ni kina cha usafi. Katika ukuzaji huo wa nusu, kwa tundu la lenzi la f/8, kinachoonekana safi kutoka mbele hadi nyuma hakifiki milimita 2. Mabawa yaliyofungwa ni bapa, basi panga mgongo wa kamera uwe sambamba nayo, na bawa lote litaingia ndani ya milimita hizo. Ukisimama kwa mshazari utapata nusu ya bawa na ukungu. Kerengende vivyo hivyo, ubavuni kabisa, mwili sambamba na kamera. Ukiongeza hadi f/11 unapata kidogo zaidi. Kupita f/16 picha nzima inaanza kulegea kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo. Zima fokasi ya kamera, weka ya mkono, halafu sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole huku ukipiga picha tatu nne pale jicho linapokuwa safi.

Kipepeo anaruka kwa sababu mbili kuu: kivuli chako kimempita, au umetokea juu yake. Shuka chini mita tatu kabla, enda kwa magoti, usiwe kati ya jua na yeye. Lakini siri ya nyanda zetu za juu ni baridi. Mdudu hawezi kuruka mpaka misuli ipate joto. Asubuhi yenye umande, kati ya mapambazuko na saa 2:30, kerengende na vipepeo wameganda kwenye mabua wakiwa na matone mwilini, na unaweza kufunga stendi, ukapanga, ukapiga kwa 1/60 kama upepo umelala. Watafute jioni kabla giza halijaingia, uone wanalala wapi, kisha urudi alfajiri. Jua likishapanda, nenda kwenye matope ya kando ya mito. Madume ya vipepeo hukusanyika hapo kunyonya chumvi na yakiwa yanakunywa hayana habari sana na mtu.

Msituni Rungwe, ambako mwanga ni haba, tumia flashi ya kamera yenyewe: piga liwe M, 1/200, f/11, ISO 400. Vua kikinga-jua cha mbele ya lenzi, la sivyo kivuli chake kitakaa chini ya picha. Flashi uchi inaacha doa jeupe kwenye gamba la mbawakawa. Funika mbele yake kwa karatasi nyeupe au kipande cha chupa nyeupe ya plastiki, kikubwa kadiri unavyoweza, kimwelekee mdudu. Wa kujifunzia, nakupendekezea kinyonga. Milima ya Uporoto ina wa pembe tatu, Trioceros fuelleborni, ambaye makao yake ni milima hii ya kwetu, na mwendo wake unakupa muda wa kukosea na kurudia. Usimshike wala kumhamisha. Akikasirika anageuka mweusi, na picha ya kinyonga aliyetiwa hofu inajulikana mara moja.

Kitulo mwezi wa pili utakuta maua katikati ya msimu, mvua za mchana, na ukungu unaoweza kuingia dakika yoyote, kwani uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi. Ondokeni mapema, mkipandia Chimala, ile barabara ya kona hamsini na saba haitaki haraka. Ukungu unaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, picha inatoka ya kijivu. Ongeza fidia ya mwangaza kwa 0.7 hadi 1. Ndege mweusi akiwa mbele ya anga jeupe, kama dume la ndege wa mkia mrefu wa majani marefu, ongeza hadi 1.5. Utawaona ndege wadogo wa kahawia wakiimba kwenye ncha za nyasi, akiwemo yule ambaye hata jina lake la kisayansi, Cisticola njombe, limechukuliwa huku kwetu. Anarudi kwenye bua lile lile. Keti, mngoje hapo.

Mbayuwayu wa buluu, ambaye duniani amepungua hadi kuhesabiwa miongoni mwa walio hatarini, huzaliana kule wakati wa mvua, ndani ya mashimo ya ardhini. Akipita tena na tena karibu na kichwa chako, yawezekana umesimama karibu na shimo lake: ondoka kwanza, picha baadaye. Akiwa windoni hupita mstari ule ule juu ya nyasi. Weka fokasi kabla kwenye mstari huo, 1/3200, mfuate kwa mwili mzima, na ukubali kwamba nyingi zitakosa. Msitoke njiani kukanyaga maua kwa ajili ya pembe nzuri. Viazi vya okidi za kule tayari vinachimbwa kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, hazihitaji na miguu yetu juu yake.

Betri hulegea kwenye baridi. Ya akiba iweke mfuko wa ndani wa shati. Mkirudi kwenye nyumba yenye moto wa mkaa, kamera iache ndani ya begi lililofungwa zipu kwa saa nzima. Ukiitoa ghafla, mvuke wa chumba unagandia kwenye kioo na ndani ya lenzi. Hili kwa mtu wa Tukuyu ni zito kuliko linavyosikika, maana kwa mvua za Rungwe kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini na kula utando wa kioo. Nunua kontena la plastiki la mfuniko wa kubana, weka vifaa pamoja na pakiti za silika, na uzibadilishe zinapolowa. Mchele usitumie, una vumbi.

Kwa hiyo toa fedha kwa mpangilio huu: kontena na silika, lenzi ndogo ya diopta 2, kisha stendi nzito kiasi isiyotikiswa na upepo. Endelea kudunduliza iliyobaki. 150-600 itakuwa na maana siku utakapoanza kwenda mara kwa mara kwa ndege ambao umbali wao huwezi kuupunguza, kama wale wa maji wa Usangu au wa Ruaha unaowapiga kutoka dirishani mwa gari. Huko napo uondoke asubuhi, kwa sababu baada ya saa 4 joto la ardhi linaitikisa hewa na milimita 600 zinaukuza mtikisiko huo pamoja na ndege, na usivae buluu wala nyeusi, maana mbung'o wanazipenda rangi hizo mbili.